Gitaa la Mwajiri

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya umma iliyokata almasi mjini Iringa ilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra. Humo waliimba mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kampuni ilinunua magitaa na spika, wanamuziki wakalipwa mshahara, Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ikarekodi. Sisi wapenzi tulibakiwa na kazi moja tu: kujaa ukumbini, makoti mwilini, maana baridi ya Iringa haina utani. Lakini gitaa lilikuwa la mwajiri. Mashirika ya umma yalipoyumba, bendi zake nazo zikayumba.

Leo nenda Mbeya, uzunguke Mwanjelwa na Soweto: muziki mwingi wa baa unatoka kwenye fleshi. Hailewi, haidai nauli. Siichukii, ila haiwezi kumwona mama aliyeinuka ghafla kucheza, ikamrudishia kiitikio.

Jumamosi hii bendi ikipiga mtaani kwako, lipa kiingilio. Usiombe kuingia bure eti kwa kuwa unamjua mpiga besi.