Deni la Mwenye Kuaminiwa

Mambo mengi ambayo mtu husema anayajua, hakuyaona kwa macho yake wala hakuyapima kwa mkono wake. Aliambiwa, akaamini. Wewe, msomaji, wajua kwamba damu huzunguka mwilini, kwamba malaria huletwa na mbu, na kwamba chuma hupata kutu kwa sababu ya hewa na maji. Lakini nikikuuliza ni lipi kati ya hayo ulilolithibitisha mwenyewe, pengine utanyamaza. Usione haya. Mimi mwalimu ningenyamaza pia, na profesa wa chuo kikuu angenyamaza mara tu umtoapo nje ya somo lake. Umri wa mtu mmoja hautoshi kupima kila kitu, kwa hiyo twaishi kwa kuazimana maarifa kama majirani waazimanavyo moto.

Basi swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: yule anayeaminiwa anadaiwa nini na yule anayemwamini? Swali hili ni la zamani, ila siku hizi limezidi uzito, maana wale tunaowaamini wako mbali nasi sana, na baadhi yao hata si watu.

Tuanze hapa nyumbani. Timau iko ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa kaskazini, katika barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Ni nchi ya upepo mkavu na asubuhi za baridi, ya mashamba mapana ya ngano na shayiri, na ya viazi vinavyosafirishwa kwa malori. Mtu wa Timau akijenga nyumba hununua mabati, na muuzaji humwambia kwamba ni ya geji 30. Unene wa bati hilo haufiki nusu ya milimita, na tabaka la zinki linalolikinga na kutu ni jembamba zaidi kuliko hilo. Mnunuzi hana chombo cha kupima wala hili wala lile. Mvua ndiyo itakayomwambia kweli, lakini itamwambia baada ya miaka, naye fedha amekwisha kuzitoa. Alama ya Shirika la Viwango la Kenya iliyopigwa juu ya bati ni ahadi iliyotolewa na watu asiowajua, waliopima kitu asichoweza kukipima. Elimu ya malighafi, yaani elimu ya kujua jinsi chuma, udongo, kioo na plastiki zilivyojengeka na zitakavyovumilia, humfikia yeye kwa njia ya ahadi tu.

Ngano nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1998 ulionekana Uganda ugonjwa mpya wa kutu ya shina la ngano, ambao wataalamu waliuita Ug99, ukavuka mpaka ukaingia Kenya. Tangu hapo, katika kituo cha utafiti cha Njoro, ngano kutoka nchi nyingi za dunia hupandwa makusudi mbele ya ugonjwa huo ili ionekane ipi itasimama na ipi itaanguka. Napenda sana habari ya shamba lile. Mtahini wake ni kutu yenyewe, na kutu haijui jina la mtaalamu aliyeizalisha mbegu, wala haitazami ukubwa wa chuo chake.

Taabu ni kwamba si kila jambo lina shamba kama la Njoro tayari linangoja. Mara nyingi neno hutangulia, kipimo kikafuata nyuma. Mwezi wa Julai 1990 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba watafiti wa Kenya wamepata dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron. Ndani yake mlikuwa na kiasi kidogo sana cha interferoni, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza unapopigana na virusi. Habari zilienea duniani upesi, na wagonjwa wengine walisafiri kutoka ng'ambo kuja kuitafuta. Lakini majaribio yaliyofuata katika nchi nyingine, Uganda ikiwamo, hayakuona kwamba waliopewa dawa hiyo wamepata faida.

Sisemi kwamba mtu alikusudia kudanganya. Dhana hiyo ni nyepesi, tena haitusaidii kufikiri. Tatizo lilikuwa katika uzito wa neno. Utafiti wa awali wa wagonjwa wachache waweza kusema, “Tumeona dalili, tunaendelea kuchunguza,” na ukawa umesema kweli tupu. Neno “dawa” likiwekwa mahali pa neno “dalili”, na kutamkwa na mkuu wa nchi, yule aliyelala kitandani hana njia ya kujua kwamba maneno yamebadilishwa. Yeye hupokea tumaini lenye sura moja tu. Wakati ule dawa za mchanganyiko zinazowaweka hai mamilioni ya watu hivi leo zilikuwa hazijapatikana. Mtu aliyeuza ng'ombe wake ili anunue tumaini hakuwa mpumbavu. Aliamini mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angeamini.

Sasa linganisha na chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Majaribio yake makubwa yalifanywa kati ya 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000, na hapa Kenya vituo vilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Matokeo yalipotolewa mwaka 2015, watafiti walisema kwamba kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Asilimia 36! Mwanafunzi akiipata alama hiyo katika mtihani huikunja karatasi kabla ya kufika nyumbani. Wao waliitandaza mbele ya dunia nzima baada ya kazi ya karibu miaka 30. Tena waliongeza jambo ambalo muuzaji yeyote angetamani kulificha: kwamba miongoni mwa waliochanjwa walionekana wagonjwa wengi zaidi wa homa ya uti wa mgongo, nao hawakujua kama chanjo ndiyo sababu au ni bahati tu.

Kwa ajili ya shaka hiyo Shirika la Afya Duniani lilitaka chanjo itolewe kwanza katika maeneo machache ya Malawi, Ghana na Kenya, huku ikichunguzwa. Kazi hiyo ilianza mwaka 2019, na kwetu ilianzia Homa Bay mwezi wa Septemba. Hofu ya uti wa mgongo haikuthibitika. Mwezi wa Oktoba 2021 shirika lile likapendekeza chanjo itumiwe kwa watoto wa Afrika wanaoishi penye malaria nyingi, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba katika maeneo yale vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13. Kwa mtu wa Timau, ambaye baridi ya mlima humkinga na mbu, hesabu hizo zaweza kuonekana ndogo. Muulize mtu aliyelelewa kando ya ziwa.

Hapa msomaji mwerevu atanikatiza, na ana haki. Atasema: “Mwalimu, wewe wausifu uangalifu, lakini toka 2015 hadi 2021 ni miaka sita. Katika miaka hiyo malaria iliendelea kuua watoto kila siku, na wengi wao ni wa Afrika, wa chini ya miaka mitano. Chanjo iliyokwisha kuonekana kwamba inasaidia ilikuwa imekalia kabati. Je, huo ni uaminifu au ni ukatili wenye adabu?”

Swali hili silikwepi. Mama aliyemzika mtoto mwaka 2016 analipiwa na nani bei ya hadhari yetu? Waliongoja na waliofiwa walikuwa watu mbalimbali, na walioamua kwamba tungoje hawakuwa miongoni mwa waliofiwa. Hata hivyo naona kuwa kungoja kulikuwa kwa haki, kwa sababu moja ambayo haina uhusiano na fahari ya wataalamu. Chanjo hupewa mtoto mzima, asiyeumwa, ambaye mama yake amemleta kwa miguu yake mwenyewe. Lau shaka ile ingalifichwa na baadaye ikathibitika, mama huyo asingeikataa chanjo ya malaria peke yake. Angeikataa pia ya surua na ya polio, na angewaambia jirani zake. Imani iliyovunjika haivunjiki mahali pamoja. Lakini nasema pia kwamba si kila kukawia ni kupima. Kuna kukawia kwa kuchunguza, na kuna kukawia kwa kukosa fedha na kukosa haraka kwa sababu wanaokufa ni watoto wa watu wasiosikika. Wataalamu wakati mwingine huyavisha mambo haya mawili joho moja, nasi yatupasa kuwaomba walivue tuone kilichomo ndani.

Kama huo ndio mzigo wa asemaye nusu ya kweli kwa haraka, au kweli yote kwa kuchelewa, yuko na wa tatu, asemaye jambo ambalo hakuna awezaye kuliona lilikotoka. Mwishoni mwa 2024 mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha MIT, Marekani, alitoa andiko lililosema kwamba zaidi ya wanasayansi 1,000 wa kampuni moja kubwa walipewa akili bandia iwasaidie kutafuta malighafi mpya, na kwamba ugunduzi wao uliongezeka kwa asilimia 44. Wachumi wenye majina makubwa walilisifu, na magazeti yakalieneza. Kisha mtu mmoja mwenye ujuzi wa mambo hayo akauliza maswali ya kawaida kabisa kuhusu kampuni hiyo na kazi yake. Mwezi wa Mei 2025 chuo chenyewe kilitangaza kwamba hakina imani na chimbuko la takwimu zile wala uhalali wake, kikaomba andiko liondolewe.

Kilichonishangaza katika kisa hicho ni jinsi tarakimu ile ilivyokuwa na sura nzuri. Asilimia 44 ina mwonekano wa kitu kilichopimwa, kama vile 36 ya chanjo. Ukiziweka mbili hizo juu ya karatasi huwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama. Tofauti iko nyuma ya karatasi: kwa ile ya chanjo waweza kwenda Kilifi, au Siaya, ukawakuta watu waliohesabu na vituo vilikohesabiwa.

Na sasa, msomaji, tunafika kwa yule mwambiaji mpya ambaye wengi wenu mnamchukua mfukoni. Akili bandia ya namna hii ni mtambo wa kompyuta uliolishwa maandishi mengi kupita kiasi, ukajifunza kukisia neno gani hufuata neno gani. Yasaidia sana; mimi mwenyewe huitumia, na sioni sababu ya kuisema vibaya kwa kuwa ni mpya. Lakini ina tabia moja ya kuangaliwa. Hujibu kwa sauti ile ile iwe ina hakika au inabahatisha. Chuoni kwetu tulifundishwa kwamba mwalimu asiyejua jibu na aseme hajui, na wanafunzi wazuri husoma hata usoni mwa mwalimu, wakaona jinsi anavyokohoa kidogo kabla ya kujibu. Mtambo hauna uso. Mtu akisema uongo akagunduliwa, hukutana na watu sokoni, na aibu ni rehani aliyoiweka kwetu siku tulipomwamini. Mtambo haukuweka rehani yoyote.

Kwa hiyo nilisoma kwa makini habari za jaribio lililofanywa Nairobi katika zahanati 15 za Penda Health kwa kushirikiana na kampuni ya OpenAI, ambalo matokeo yake yalitolewa Julai 2025. Baadhi ya matabibu walipewa akili bandia iliyosoma maandishi yao wakati wakimhudumia mgonjwa, nayo ikawaonesha rangi: kijani kama mambo ni sawa, manjano kama kuna la kutazama, nyekundu kama kuna hatari. Wengine walifanya kazi bila msaada huo. Ziara za wagonjwa 39,849 zilihusika. Makosa ya kutambua ugonjwa yalikuwa machache kwa asilimia 16 kwa matabibu waliosaidiwa, na makosa ya matibabu yalikuwa machache kwa asilimia 13. Ni habari njema, na tabibu ndiye aliyebaki mwenye kauli ya mwisho, hata rangi ilipokuwa nyekundu. Kumbuka lakini kwamba kampuni iliyotengeneza akili ile ilikuwa mmoja wa wapimaji. Na kumbuka jambo jingine ambalo wao wenyewe waliliandika: wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa ya kutosha kuitegemea.

Jaribio hilo lilikuwa la Nairobi, kwa matabibu wale na mtambo ule. Huku kwetu nimonia ya watoto ina msimu wake wa baridi, na mama aweza kueleza maumivu ya mwanawe kwa Kimeru, kwa maneno ambayo mtambo haukulishwa kwa wingi. Anayetaka kuuleta Timau na aupime Timau, kama ngano ya kigeni inavyopandwa Njoro kabla mkulima hajauziwa mbegu; na kabla hajaanza, atuambie ni nani, mwenye jina na uso, atakayeketi na mama yule siku rangi ya kijani itakapokuwa imekosea.