UA LA USIKU NA SWALA YA ALFAJIRI



Katika darsa yetu hapa Kiwanjani, Isiolo, liliulizwa suali: Je, yafaa kulipiga picha ua lichanualo usiku? Mzee mmoja alikwisha wakemea vijana kwa jambo hilo, akasema ni haramu.

Jawabu ni kwamba yafaa. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyekula kwa kazi ya kuchora sura, alimtahadharisha na sura za wenye roho, akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Wala si haki yetu kuharamisha ambacho Mwenyezi Mungu hakukiharamisha.

Lakini suali halikwishia hapo. Usiku ule nami nilikuwapo uani kwa jirani. Mmea wenyewe ni wa jamii ya mpungate, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Tumba lake hufumbuka baada ya Magharibi, hukunjuka kabisa karibu na usiku wa manane, na kukipambazuka limekwisha nyauka. Ni jeupe lenye harufu kali, ili nondo walijue gizani. Jicho halioni likifumbuka. Kwa hivyo vijana waliiegemeza simu juu ya kigoda isitikisike, wakapiga picha kila baada ya dakika tano, tangu Isha hata saa sita. Hakuna aliyesinzia wala aliyenung'unika.

Alfajiri, safu msikitini ilikuwa ya wazee watupu. Nami, naona haya kuyaandika, niliingia imamu yumo katika rakaa ya pili.

Yule mzee alikosea katika hukumu, lakini alikuwa safu ya mbele. Sisi tuliopatia, tulikuwa wapi?

Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia maongezi baada ya Isha, na wanazuoni wametaja sababu yake: kuchelea kuikosa Alfajiri. Basi tusiseme tena kwamba kuamka ni kuzito. Ua limekwisha tushuhudilia kuwa tunaweza kukesha kwa tukipendacho.

Enyi vijana, pigeni picha, mtafakari kazi ya Mola wenu. Kisha simu ile ile iliyohesabu dakika kwa ajili ya ua, itegeni iwaamshe kwa ajili ya Swala. Ua likikupita, tumba jingine litakuja. Alfajiri ya leo hairudi.

Mwenyezi Mungu atuamshe sote, na mwandishi akiwa wa kwanza. Amin.