Umechimba Mpaka Wapi?

Maandiko: Luka 6:46-49, Kumbukumbu la Torati 22:8



Habari ya wajenzi wawili wengi wetu tuliisikia tukiwa shule ya Jumapili, na tuliisikia kwa Mathayo: mmoja kwenye mwamba, mwingine kwenye mchanga. Leo nataka tuisome kwa Luka, maana Luka ana jambo ambalo Mathayo amelipita. Luka anasema yule mtu alichimba. Alienda chini, akazidi kwenda chini, ndipo akaupata mwamba. Na yule wa pili hatajiwi mchanga hata kidogo. Alijenga juu ya ardhi tu, bila msingi. Mnaona hapo? Kwa Luka inawezekana kabisa hawa walikuwa majirani, ploti kwa ploti, udongo ni ule ule, na mwamba ulikuwa chini ya wote wawili. Mmoja aliufuata. Mwenzake aliona kuchimba ni kupoteza pesa.

Kabla sijaingia kwenye huduma nilisomea ujenzi, na somo la udongo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mengine yote. Watu hudhani injinia anasoma simiti na chuma tu. Hapana. Chuma kimetoka kiwandani, nondo moja inafanana na nyingine. Udongo hakuna aliyeutengeneza isipokuwa Mungu, na hautangazi tabia yake. Songa hatua ishirini, umebadilika.

Aliyeufanya udongo uwe elimu kamili ni mtu mmoja aitwaye Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague. Alifanya majaribio yake akifundisha Istanbul, kwa vifaa vya kuungaunga, na mwaka 1925 akatoa kitabu ambacho mainjinia bado wanajenga juu yake. Alichoonyesha ni hiki: uzito wa nyumba unabebwa na chembe za udongo zilizoshikana, lakini katikati ya chembe kuna maji. Maji yakibanwa na yakakosa pa kutokea, yanabeba sehemu ya uzito ule, na chembe zinalegeza kushikana kwao. Ukitazama kwa macho, udongo ni ule ule. Ndani umekwisha nguvu. Jamani, nimeona familia za namna hiyo. Wanakaa benchi moja, wanafungua Biblia moja, lakini kuna maneno yamebanwa katikati yao miaka mitano na hayana pa kutokea. Siku mzigo ukiongezeka kidogo tu, karo ya shule, ugonjwa, majirani wanashangaa: hawa si walikuwa sawa?

Sasa tuje nyumbani. Ninyi mnaokaa Embakasi, Kitengela na Athi River mnaujua udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania gumbuti mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu. Kiangazi kikija unanywea na kupasuka, nyufa ambazo mtoto anaingiza mkono. Shida yake si kwamba ni laini. Wakati wa jua ni mgumu kama tofali. Shida ni kwamba haukai mahali pamoja. Mvua ukainua nyumba, jua ukaishusha, na hauinui pembe zote sawa. Ndipo unaona ufa umeanzia kona ya dirisha ukipanda kwa mshazari, na mlango ambao mwezi wa pili ulifungwa vizuri, mwezi wa nne umekwama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini fundi anayejua udongo atakuuliza kwanza ufa umetoka wapi. Ukipiga plasta na rangi bila kujua, msimu ujao utarudi pale pale. Kuna ndugu hapa amefunguliwa ulevi mara tatu. Sisemi Mungu hakumgusa, alimgusa. Nauliza kama tulichimba naye mpaka mahali kile kitu kilipoanzia, ama tulimpaka rangi tukampa kipaza sauti atoe ushuhuda.

Na hapa naomba mnivumilie, maana wengine wenu ni wenye nyumba za kukodisha, na wengine ni wapangaji wao. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la orofa sita lilianguka Huruma hapa Nairobi, karibu na mto. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mtoto mchanga wa kike alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na taifa zima lilishukuru, lakini wale wengine hawakurudi. Sisemi udongo peke yake uliwaua. Jengo huanguka kwa mambo mengi yaliyokutana. Lakini mvua ya usiku ule haikuwa na ubaguzi, ilinyesha kwenye majengo yote.

Kumbukumbu la Torati 22:8 ni mstari ambao hatuuhubiri sana. Mungu anamwambia Mwisraeli anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalia vizuri: yule anayeanguka anaweza kuwa mtu yeyote, lakini damu inahesabiwa kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo wewe uliyeweka msingi wa orofa tatu na sasa unaongeza ya tano kwa sababu wapangaji wako tayari, usiniletee ploti nikaipake mafuta. Sitakuja. Lete kwanza karatasi ya injinia, halafu tutaomba pamoja, na nitaomba kwa sauti.

Kuna mnara wa marumaru huko Pisa, Italia, nafikiri mmeuona kwenye picha umeinama. Walianza kuujenga mwaka 1173. Walipofika orofa ya tatu ulianza kuinama, kwa sababu chini ni udongo laini wa mfinyanzi. Vita vikaja, kazi ikasimama karibu miaka mia moja. Na hili ndilo limenifundisha kitu: wataalamu waliouchunguza siku hizi wanasema kule kusimama ndiko kulikouokoa. Katika miaka ile uzito uliokuwepo ulikamua maji polepole kutoka kwenye mfinyanzi, udongo ukashikana, ukapata nguvu ya kubeba orofa zilizobaki. Wangeendelea kwa ile haraka yao, mnara ungeanguka. Mwaka 1990 ulifungwa kwa hofu, na ulipofunguliwa tena Desemba 2001 walikuwa wameunyoosha kiasi. Sio kwa kuusukuma. Walitoa udongo kidogo kidogo chini ya ule upande ulioinuka.

Wapendwa, najua nyinyi mmeanza kutabasamu, mnajua ninakoelekea.

Tangu harambee ya mwezi uliopita nimesikia maneno. Kwamba tulichanga, tulitoa mbegu, akina mama waliuza chapati, na mpaka leo kwenye ploti ya kanisa hakuna hata nguzo moja, kuna mashimo matatu tu. Kuna aliyeuliza kama mchungaji amekosa imani. Nimjibu hapa hapa, na simfichi: imani ya yule mjenzi wa Luka ilionekana kwenye jembe. Yesu alimsifu kwa kusikia neno na kulitenda, na kutenda kwenyewe kulikuwa ni kuchimba, kazi isiyopigwa picha. Yale mashimo ni ya kuchunguza udongo. Sampuli ziko kwenye maabara. Kuna zinazotiwa kwenye maji ionekane zinavimba kiasi gani, nyingine zinabanwa kwa uzito ijulikane zinabeba nini. Udongo mweusi tumeuona kwa macho yetu. Tusichojua ni unaishia wapi na chini yake kuna nini. Tukimwaga zege juu yake bila kujua, tutakuwa tumewaweka watoto wa shule ya Jumapili juu ya kitu kinachopumua.

Ripoti ikifika, mzee wa kamati ya ujenzi ataisoma mbele ya kanisa lote, na kila shilingi iliyotumika itasomwa pamoja nayo. Ikisema tuondoe udongo mweusi na kurudisha maramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, tutafanya hivyo, hata kama bajeti ya madirisha itakatwa. Ikisema mwamba uko mita nne, tutachimba mita nne, na itabidi tuchange tena. Kwa sasa tuna hema na viti vya plastiki. Mvua ya Aprili ikipiga turubai mpaka hamnisikii, nitanyamaza, na kwaya itaendelea.