Ua Lisilosokota, Mikono Inayofuma

Mto Mirongo hukatiza jiji la Mwanza na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Humo ziwani huchanua ua ambalo hakuna aliyelipanda: ua la gugumaji. Lina petali sita za zambarau hafifu, na ile ya juu ina doa la buluu lenye kiini cha njano. Mmea huu wenye asili ya Amerika Kusini ulivamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaziba mialo na kuwafungia wavuvi njia.

Tuseme mfumaji anayeishi kando ya Mirongo anataka kulifuma ua hilo kwenye sweta. Hana mchoro wa kumwongoza kuhesabu vitanzi. Anaanza na zambarau, anaingiza buluu, anaongeza njano pale jicho linapoitaka, kisha anaunganisha kipande na kipande mpaka vazi lipatikane. Katika Mathayo 6, Yesu anafundisha kwamba maua ya kondeni hayafanyi kazi wala hayasokoti uzi, lakini kwa mavazi yanampita Sulemani. Basi, ikiwa Mungu hulivika ua bila jasho la mtu, anayekesha akilifuma anaongeza nini?

Wapo wanaodhani fundisho hilo linashusha thamani ya kazi ya mikono. Biblia yenyewe inawapinga. Kutoka 35 inasema Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya ufundi, na inautaja pia udarizi wa nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu. Mithali 31 inamsifu mwanamke anayesokota. Na Sulemani yuleyule, kwa mujibu wa 1 Wafalme 7, alijenga hekalu lenye nguzo zilizotiwa vichwa vya umbo la mayungiyungi. Ua lilimshinda kwa mavazi, naye hakuona aibu kuagiza mafundi walifuate.

Waislamu nao wanalo onyo katika Surat An-Nahl, aya ya 92, la kutofanana na mwanamke aliyeukatakata uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Aya inahusu kuvunja viapo. Kinacholaumiwa ni kuiharibu kazi, si kuifanya.

Mathayo 6 nayo inakataza wasiwasi, si kazi.

Hapo ndipo ufumaji usiofuata mchoro unapoonyesha kwamba bidii na wasiwasi ni vitu viwili. Kaffe Fassett, mzaliwa wa San Francisco aliyehamia London mwaka 1964, alifundishwa kufuma na abiria mwenzake ndani ya treni, akitoka kununua nyuzi Scotland. Mwaka 1988 kazi zake, zenye rangi tele na maua mengi, zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Katika ufumaji wa aina hii, kila safu huijibu iliyotangulia. Rangi isipokubali, hufumuliwa na kujaribiwa nyingine. Mfumaji anajituma kweli, ila hadai safu ya kesho ijulikane leo.

Hata ua lenyewe linafundisha jambo. Yesu anayaita maua ya kondeni majani yanayotupwa motoni kesho. Gugumaji nalo huopolewa na kutupwa, na bado limevikwa vizuri. Uzuri wake haukutolewa kama malipo ya faida yake.

Lakini mama anayeuza sweta ili alipe kodi ya chumba hawezi kuambiwa tu aache hofu. Waliomsikiliza Yesu Galilaya walijua vizuri shida ya chakula na mavazi, na aya ya 33 ya sura hiyohiyo inaitaja haki. Sweta la shule hufumwa upesi kwa mashine. Vazi la gugumaji linaweza kuchukua wiki kadhaa za sindano. Muumini anayesifu maua ya kondeni Jumapili, kisha Jumatatu akalitaka vazi hilo kwa bei ya sweta la mashine, anamtwisha mfumaji wasiwasi uleule aliohubiriwa autue. Bei ya haki ihesabu uzi, siku alizokaa na sindano, na kodi ya mwezi huu.