Dume Hupimwa kwa Wanawe Wote

Wanangu mnaofanya kazi katika majengo marefu ya Upper Hill, nimesikia chama chenu kinataka kuweka pesa katika farasi wa kuruka viunzi. Siwavunji moyo. Sisi wazee tuliuingia mchezo huu kwa mlango wa zizi, tukiwa masaisi, tukishika hatamu za farasi wa watu wengine. Kuwaona ninyi mkiingia kama wenye mali kunanifurahisha mno. Ila nimeambiwa pia kwamba mmekwisha kumchagua dume wa kupandisha majike wenu, na mmemchagua kwa sababu ya video ya mtoto wake mmoja aliyeruka vizuri. Hapo ndipo ninapowasihi msimame. Kabla hamjatoa hata shilingi moja, nisikilizeni.

Mtoto mmoja hodari hathibitishi kitu. Shule haisifiwi kwa mwanafunzi mmoja aliyepata A huku darasa zima limeanguka, na dume naye ni vivyo hivyo. Dume aliyezalisha watoto wengi hatakosa mmoja wa kuonyeshwa wageni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye dume akiwakazania video, ninyi mkazanieni kwa maswali. Wanawe wamezaliwa wangapi kwa jumla? Wangapi walifika miaka minne wakiwa na miguu mizima? Wangapi wanaruka mita 1.10 kwa hiari, bila kulazimishwa kwa mjeledi? Wangapi waliuzwa kimyakimya, na waliuzwa kwa nini? Mimi ningemchukua dume mwenye watoto kumi, wanane kati yao wakiwa watulivu na warukaji wa wastani, nimwache yule mwenye watoto sitini na bingwa mmoja. Wale wa wastani ndio watakaowaonyesha ninyi mtapata nini, kwa sababu mtoto wenu naye, kwa uwezekano mkubwa, atakuwa wa wastani.

Swali la pili ni la mama. Jike hutoa nusu ya damu, kisha humlea mtoto kwa miezi yake ya kwanza, akimfundisha kuogopa au kutoogopa. Tena dume mwenye jina hupelekewa majike bora kuliko wenzake, na watoto wakifaulu sifa zote humwendea yeye. Dawa yake ni moja: tafuteni jike aliyezaa na madume wawili tofauti, mlinganishe watoto wake. Wale wa dume wenu wakiwapita ndugu zao wa tumbo moja, na jambo hilo likajirudia kwa majike watatu au wanne, basi hapo mna ushahidi. Ulizeni pia nani aliwafundisha na nani aliwapanda. Mpandaji hodari humfanya farasi wa kawaida aonekane wa ajabu, na mikono mibaya huharibu damu nzuri.

Nairobi kazi hii inawezekana, kwa kuwa dunia ya farasi hapa ni ndogo. Ngong Road inaanzia hapo hapo kwenu kilimani. Ifuateni hadi Jamhuri, mpite uwanja wa mbio wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, kisha muingie Karen. Katika njia hiyo moja mtakutana na karibu kila mtu anayejua farasi gani ni mtoto wa nani. Msiishie kwa wenye mali. Ongeeni na saisi anayewaamkia watoto wa dume huyo kila alfajiri. Yeye anajua nani hula vizuri, nani huchechemea baada ya mazoezi, na nani hukataa kuingia kwenye lori siku ya mashindano.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa hapa kwetu hasa. Farasi wengi wanaoruka viunzi Kenya walianzia kwenye mbio, wakahamishwa waliposhindwa au walipochoka. Kwa hiyo mtaletewa karatasi za ukoo zilizojaa ushindi wa mbio, mkadhani mmepata. Mbio si kuruka. Furioso, farasi wa damu ya mbio aliyezaliwa mwaka 1939, hakuacha jina kubwa uwanjani, lakini alipopelekwa Ufaransa kuzalisha, mwanawe Lutteur B alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 chini ya Pierre Jonquères d'Oriola. Huaso wa Chile naye alikuwa farasi wa mbio asiyeng'ara. Tarehe 5 Februari 1949, huko Viña del Mar, Kapteni Alberto Larraguibel alimrusha juu ya kiunzi cha mita 2.47, na hadi leo hakuna aliyevunja rekodi hiyo. Sisemi kila anayeshindwa mbio ni mrukaji. Nasema orodha ya ushindi wa mbio haijibu swali lenu. Ulizeni watoto wa dume huyo walifanya nini baada ya kutoka Ngong.

Kisha nendeni mkaone kwa macho. Ombeni wanawe wa miaka mitatu waachiwe huru kwenye njia yenye viunzi, bila tandiko wala mpandaji. Msitazame urefu wa kiunzi. Tazameni anavyokuja: je, mwendo wake una mdundo mmoja, au anakimbilia kwa hofu? Akiruka, magoti yote mawili yapande sawasawa na kukunjwa, mgongo ujikunje, shingo ishuke mbele, miguu ya nyuma ifunguke isiguse mti. Aliye juu sana huku miguu ya mbele inaning'inia ni wa kuogopwa, kwa maana siku akichelewa kuruka ataanguka na mtu. Na kubwa kuliko yote, ngojeni agonge mti. Mwacheni arudi mara ya pili. Mmoja atakuja kwa pupa agonge tena. Mwingine atatega masikio, atapunguza hatua, na kupita bila kugusa. Huyo wa pili ana akili, na akili ndiyo ninayoitafuta kwa watoto wa dume. Mkiiona kwa mmoja, ni bahati yake. Mkiiona kwa watano wa mama tofauti, imetoka kwa baba.

Akitulia, pitisheni kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kuanzia goti hadi kifundo. Kano ziwe baridi, zilizonyooka, zisizo na uvimbe. Udongo mweusi wa upande wa Lang'ata na nyanda za Athi hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mguu dhaifu haudumu juu yake. Dume ambaye wanawe wengi wanaumia wakiwa wadogo hafai, hata akiwa mzuri wa sura.

Tena msidanganyike kwamba mbegu iliyogandishwa kutoka Ulaya itawatatulia yote. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huweza kumuua farasi ndani ya siku chache, na hakuna ukoo unaomkinga. Mtoto atahitaji chanjo na kulala bandani kuanzia magharibi hadi alfajiri. Na kwa sababu ya ugonjwa huo huo, si rahisi kuwatoa farasi wetu kwenda kupimwa Ulaya. Rekodi za watoto wanaozaliwa hapa lazima tuziandike wenyewe, hapa.

Mwisho, subira. Jike hubeba mimba kwa miezi kama kumi na mmoja. Mtoto huanza kupandwa akiwa na miaka mitatu, na kwenye Olimpiki farasi wa kuruka haruhusiwi kabla ya miaka tisa. Chacco-Blue wa Ujerumani alizaliwa mwaka 1998 akafa mwaka 2012. Mwanawe Explosion W alimpa Ben Maher wa Uingereza dhahabu ya Tokyo mwaka 2021, baba akiwa kaburini miaka tisa. Anayewaahidi faida kwa miaka miwili, mkimbieni.

Basi nawausia hivi. Nunueni daftari kwanza, dume baadaye. Mwandikeni kila mtoto wake mtakayemfikia: mama yake, mlezi wake, miguu yake, alichoruka, alikoishia. Wale walioshindwa waandikeni kwa uangalifu ule ule wa walioshinda. Na kabla hamjapandisha jike hata mmoja, kubalianeni ndani ya chama, kwa maandishi, nani atamlisha mtoto asiyeruka. Farasi huishi miaka ishirini na zaidi, na yule asiyekuwa bingwa hula nyasi sawa na bingwa. Chama kisicho na jibu la swali hilo kisizalishe farasi.