Kifo si Toba: Ukombozi wa Mhusika Mwovu katika Filamu Pendwa

Katika filamu pendwa pana desturi inayostahili kuhakikiwa. Mhusika mwovu, aliyeua na kutesa tangu mwanzo wa hadithi, hugeuka katika dakika za mwisho, hutenda tendo moja jema, kisha hufa. Aghalabu desturi hii husifiwa kuwa ya Kikristo, kwa kuwa inakiri kwamba hakuna binadamu aliyepotea kiasi cha kutoweza kurejea. Makala haya yanakusudia kuuliza iwapo sifa hiyo inastahili. Je, mauti ya mkosaji yanaweza kushika nafasi ya toba yake?

Mfano unaojulikana mno ni Darth Vader. Katika Star Wars (1977), filamu iliyoandikwa na kuelekezwa na George Lucas, Vader anamhoji Leia akiwa na chombo cha mateso, kisha anasimama nyuma yake wakati Alderaan, sayari alikolelewa, inapoteketezwa pamoja na wakazi wake. Katika Return of the Jedi (1983), anamwona mwanawe, Luke, akiteswa na mtawala wa dola. Anamnyanyua mtawala huyo na kumtupa shimoni, naye mwenyewe anapata majeraha yanayomuua. Anavuliwa kinyago, anaagana na mwanawe, anafariki. Mwishoni roho yake inasimama pamoja na roho za watu wema. Katika toleo la mwaka 2004, hata sura ya roho hiyo ilibadilishwa, ikawekwa ile ya ujana wake. Mwaka uliofuata, Revenge of the Sith ikamwonyesha kijana huyo huyo akienda kuwaua watoto hekaluni.

Tukiuchunguza msuko huu tutabaini kwamba kifo kinamwondolea mtunzi mzigo wa kusawiri yanayoifuata toba. Leia, ambaye pia ni binti wa Vader, hakutani naye tena. Waliopotea Alderaan hawana msemaji. Anayesamehe ni Luke peke yake, na kwa yaliyompata yeye ana haki hiyo. Lakini hadhira inaongozwa kuamini kwamba msamaha wa mwana umefuta madeni ya wote.

Yumkini msomaji atatukumbusha mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, anayesimuliwa katika Luka 23. Yeye naye hakulipa chochote, wala hakukutana na aliowadhulumu, lakini aliahidiwa peponi. Hoja hii ni nzito na haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, mhalifu yule hakufa ili alipe. Alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki, akaomba, akapewa ahadi ingali hai pumzi yake. Kifo chake hakikuinunua ahadi hiyo. Isitoshe, yeye alinyimwa muda na hukumu. Vader alinyimwa muda na mtunzi, ambaye angeweza kumwacha aishi.

Walioachiwa muda wanatuonyesha sura nyingine ya toba. Zakayo, katika Luka 19, anatembelewa kwanza na Yesu, ndipo anapoahidi kuwarudishia mara nne aliowanyang'anya. Malipo hayo ni tunda la neema, si bei yake. Sauli naye, katika Matendo 9, anapelekwa miongoni mwa watu wale wale aliokuja kuwafunga. Anania anaogopa kumwendea, na Maandiko hayamlaumu kwa hofu hiyo. Aliyetubu anapaswa kuishi mbele ya macho ya wanaomwogopa.

Filamu inaweza kulisawiri jambo hili. The Mission (1986), iliyoelekezwa na Roland Joffé, inamwonyesha Rodrigo Mendoza, mtu anayewawinda Waguarani wa Amerika Kusini na kuwauza utumwani. Baada ya kumuua ndugu yake, anapanda kando ya maporomoko ya maji akiuburura mzigo wa silaha zake kama malipizi. Padre mmoja, kwa huruma, anaikata kamba; Mendoza anarudi chini, anaufunga mzigo upya. Anapofika juu, Mguarani anamwekea kisu kooni, kisha anaikata kamba na kuutupa mzigo mtoni. Mendoza analia. Padre hakuweza kumfungua kwa sababu hakuwa yeye aliyewindwa. Baada ya hapo Mendoza anaishi na watu hao na kuwatumikia. Ni kweli kwamba naye anauawa mwishoni, akiwatetea kwa silaha, na uamuzi huo una utata wake wa kimaadili. Lakini kifo hicho kinamkuta akiwa amekwisha kusamehewa na kuishi kama mtu aliyesamehewa.

Kwa hiyo hatudai kwamba mhusika mwovu asiokolewe. Anayedai hivyo ameikana Injili. Tunachodai ni kwamba filamu inayomuua mara tu anapotubu haijaonyesha neema. Imeonyesha deni likifutwa bila mdai kuulizwa. Nasi watazamaji tunashiriki katika ufutaji huo. Tunatoka tukiwa tumeguswa, tumeliwazwa, na tumesamehe kwa niaba ya watu ambao hawakututuma. Mhakiki anayejali maadili hana budi kuwatafuta watu hao katika msuko na kuuliza kwa nini walinyamazishwa.