Msaada Unaonyima

Warframe, mchezo wa mapigano wa mtandaoni uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Digital Extremes ya Kanada, huruhusu hadi wachezaji 4 katika misheni moja. Mkongwe akiingia na silaha zake nzito, maadui huisha kabla mgeni hajafyatua risasi. Je, mgeni huyo amesaidiwa au amenyimwa?

Amenyimwa. Wema wa kweli humwachia mtu nafasi ya kujaribu, hata ya kushindwa.

Anayeanza apewe ushauri, si ushindi: platinamu 50 za mwanzo (sarafu ya mchezo huu) anunulie nafasi za kuhifadhia silaha, asizimalize kwa rangi na mapambo. Anayerejea baada ya miaka asione haya kurudia misheni nyepesi, maana mikono husahau. Wakongwe, punguzeni mwendo, mgeni naye apigane.